Breki ya Kiti Mwendo ni Sehemu ya Tiba

Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliyobeba watu zaidi ya 1,200 ilipata hitilafu ya breki ikipanda mlima karibu na Igandu, mkoani Dodoma. Ilianza kurudi nyuma, kasi ikazidi kuongezeka, hadi ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walipoteza maisha. Hakuna injini iliyoisukuma treni ile kurudi nyuma. Msuguano wa breki ulipokosekana, uzito wake wenyewe ulitosha.

Naukumbusha msiba huo kwa sababu kanuni iliyotenda kazi Igandu hutenda kazi kila siku katika vituo vyetu vya afya, kwa kipimo kidogo.

Gurudumu hupunguza msuguano, ndiyo maana muuguzi mmoja humsukuma mgonjwa mzito bila taabu. Wepesi huohuo ni hatari penye mteremko. Tuchukue mgonjwa wa kilo 70 katika kiti mwendo cha kilo 20, kwenye njia inayoshuka mita 1 kwa kila mita 12. Mvutano wa dunia hukivuta kiti hicho kuelekea chini kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 7 na nusu. Kikiachwa bila breki, baada ya mita 6 tu kitakuwa na mwendo wa karibu kilomita 10 kwa saa, sawa na mtu anayekimbia. Mgonjwa aliyevunjika mguu hawezi kujiokoa.

Wapo watakaosema kuwa penye uhaba wa dawa na watumishi, breki ni jambo dogo. Siafiki. Breki za viti vingi hushika kwa kukandamiza tairi. Tairi likipungua upepo, breki huonekana imefungwa ilhali haishiki. Dawa yake ni pampu ya baiskeli na dakika chache za muda wetu.

Hapa Dodoma tuna vumbi pia. Wakati wa kiangazi upepo huingiza mchanga mwembamba hadi wodini, na punje zake juu ya marumaru laini huviringika chini ya soli na chini ya ncha ya gongo. Mvua zinapoanza, vumbi hilo hugeuka tope la utelezi mlangoni. Kwa mzee ambaye mifupa yake imedhoofika, kuteleza mara moja kwaweza kuvunja nyonga na kumlaza miezi kadhaa.

Napendekeza, basi, kwamba katika makabidhiano ya zamu, breki za viti, machela na vitanda zikaguliwe kama tunavyokagua mitungi ya oksijeni. Penye mteremko, gurudumu liwekewe kabari. Wanaojenga vituo wachague sakafu yenye mkwaruzo badala ya ile inayong'aa.

Nanyi wagonjwa na ndugu mnaowauguza, msione haya kuuliza kabla ya kuketi: "Breki inashika?" Tazameni pia mpira wa ncha ya gongo, ukiwa umelika na kuwa laini, ombeni mwingine. Mvutano wa dunia hauchoki, bali mpira na breki huchakaa kimyakimya. Kuvikagua ni wajibu wetu sote.