Nyumba na Familia: Pa kufulia pawe wapi?

Mwezi huu tulikuwa tumepanga kuongea juu ya kukandika kuta kabla mvua hazijaanza, lakini kuna barua imefika mezani, na tumeona hiyo itangulie. Inatoka kwa mama mwenye watoto 4, anaishi na bwana yake hapa hapa Nyarugusu. Mama mkwe anakaa nyumba ya jirani. Anaandika hivi:

"Tunataka kutengeneza mahali pa kufulia nguo kwenye paseli yetu. Bwana anasema tupaweke nyuma, kandokando ya choo, maji machafu yaingie mule mule. Mama mkwe anataka mbele chini ya mwembe, kuna kivuli. Mimi nimechoka kufula kwa mulango, watu wote wanapita wanaangalia nguo zetu. Nani ana haki?"

Mama, asante kwa barua. Tuliisoma tukacheka kidogo, halafu tukaacha kucheka, maana nyumba nyingi za kambi hii zina ugomvi huo huo. Na wengine ugomvi umeshavuka uzio ukafika kwa jirani.

Wengi wetu hatukufundishwa kufikiria jambo hili. Waliotoka Uvira, Baraka na vijiji vya Fizi kando ya ziwa walikuwa wanabeba nguo kichwani mpaka Tanganyika, wanafua, wanaanika juu ya mawe na mchanga, wanarudi nyumbani jioni. Maji ya sabuni yalibaki huko huko. Waliotoka milimani walikuwa na mito na vijito. Ndugu zetu Warundi nao walishuka bondeni kwenye chemchemi. Kwa hiyo nyumba ya kwetu ilikuwa na jiko, choo, bafu, pengine banda la mbuzi, lakini pa kufulia hapakuwepo. Hapa tumekuta mambo mengine. Maji yanatoka bombani, yanabebwa kwa bidoni mpaka nyumbani, na yakishachafuka yanabaki na sisi kwenye kipande kidogo cha ardhi.

Na si maji kidogo. Kitabu cha Sphere, ambacho mashirika ya misaada yanakifuata, katika toleo la 2018 kinataja lita 15 kwa kila mtu kwa siku, na bomba lisizidi mita 500 kutoka nyumbani. Nyumba ya watu 6 kama ya huyu mama ni lita 90. Sasa mama akifua vizuri, beseni la sabuni na kusuuza mara mbili, bidoni 3 za lita 20 zimekwenda. Hizo ni lita 60. Zinabaki 30 za kupika, kunywa na kuoga watu 6, na hapo hatujasema siku ambazo foleni ni ndefu au bomba limekauka. Ndiyo maana akina mama wengi wanataka kufulia karibu na mlango wanakotua bidoni. Bidoni moja iliyojaa ina uzito wa kilo 20, hakuna anayetaka kuizungusha nyuma ya nyumba.

Lakini mlangoni ndipo pabaya kuliko kote, na sababu si macho ya wapita njia tu. Nyumba zetu nyingi ni za matofali mabichi. Tofali bichi likilowa chini kila juma, linalainika, linamomonyoka kidogo kidogo, na wewe huoni kwa sababu umeshakandika juu yake. Mvua kubwa ya kwanza ikija, ukuta unapiga magoti. Ukitaka kujua nyumba yako imefika wapi, chukua kijiti uchome chini ya ukuta upande unaomwagia maji, halafu uchome upande wa pili. Kijiti kikiingia upande mmoja kama kwenye ugali, hamisha beseni leo, usingoje tukumalizie ukurasa.

Baba naye tumsikilize. Choo kina shimo, maji machafu yanataka shimo, kwa nini tuchimbe mara mbili? Wazo linaonekana zuri. Shida ni kwamba shimo la choo chetu halikujengewa kuta ndani, ni udongo mtupu. Ukilimwagia lita 60 mara mbili kwa juma, udongo wa pembeni unalegea na shimo linaweza kubomoka, pengine mtu akiwa juu yake. Likishakuwa tope jepesi badala ya kukauka, harufu inaongezeka, nzi wanaongezeka, na mbu wa maji machafu wanazaliana mule ndani. Pia linajaa upesi, na kuchimba choo kingine kwenye paseli ndogo kila mwenye jembe anajua maana yake. Kitu kimoja tu cha kufulia kinatakiwa kwenda chooni: maji ya kwanza ya nepi za mtoto, yenye kinyesi. Hayo usiyamwage uani hata kidogo, maana kuhara na kipindupindu havichagui kinyesi cha mkubwa au cha mtoto. Baki yote yatafutiwe njia nyingine. Kwa hiyo pa kufulia pasikae karibu na choo. Hatua 6 na zaidi, mkiweza.

Mama mkwe na mwembe wake. Kivuli ni kizuri kwa mgongo wa anayefua, hilo ni kweli na tunamheshimu. Mchana wa kiangazi kuinama juani saa mbili si mchezo. Ila tofautisha kufua na kuanika. Kufulia kivulini ni sawa, kuanika kivulini si sawa. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa kivulini, au zilizotandazwa chini kwenye mchanga. Ukivaa nguo hiyo, funza wake anaingia ngozini na kufanya jipu. Watoto wadogo ndio wanaumia zaidi, kwa sababu ya nepi na shuka. Nguo zianikwe juu ya kamba, kwenye jua kali, zikauke kabisa, na mwenye pasi ya mkaa apige pasi hasa kwenye mishono. Kisha, huo mwembe uko mbele. Mama, tazama ardhi inainamia wapi. Kama inainamia kwa jirani, kivuli chako kitakuwa tope lake.

Hapo ndipo tunapotaka wote watatu waanze upya. Msianze na maji yanakotoka, wala na nani mkubwa. Subirini mvua inyeshe, au mwaga bidoni moja katikati ya uwanja, mfuate maji kwa macho. Yanakokwenda yenyewe, upande wa chini wa paseli lakini bado ndani ya mpaka wenu, ndiko pa kufulia panakotakiwa kuelekea. Pawe hatua 5 au 6 mbali na ukuta wa nyumba, mbali na choo kama tulivyosema, na mahali ambapo mtu aliyeko jikoni anaweza kupaona bila kusimama. Kwa paseli nyingi tulizozitembelea, pembe hiyo iko kati ya jiko na bafu, si mbele kabisa wala nyuma kabisa.

Jikoni tunakusema kwa sababu ya watoto. Mtoto anayejifunza kutembea anaweza kuzama ndani ya beseni lenye maji kidogo tu. Na yale mashimo tuliyochimba udongo wa matofali, yanayojaa maji wakati wa mvua, tafadhali msiyageuze kuwa mahali pa kufulia. Ni mitego.

Kama mna ndizi, kazi imepungua. Mgomba unapenda maji mengi, na maji ya sabuni ya kipande hayausumbui. Chimbeni mfereji mdogo kutoka mawe ya kufulia mpaka kwenye shina, na muubadilishe juma hili kwenda mgomba huu, juma lijalo ule, hasa mkitumia sabuni ya unga yenye chumvi nyingi. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe isiende kwenye mimea. Na msimwagie lengalenga na matembele, kwa sababu majani hayo tunayala.

Wasio na ndizi watachimba shimo la kunywesha maji, upana mita 1 na kina mita 1 au kuzidi kidogo, likajazwa mawe au vipande vya matofali ya kuchoma. Matofali mabichi yatarudi kuwa udongo, msiyatumie. Mdomoni wekeni ndoo mbovu iliyotobolewa, ndani yake nyasi kavu, ishike mapovu na nyuzi. Nyasi zibadilishwe kila juma. Lakini kabla ya kutoka jasho, jaribuni ardhi kwanza: kashimo ka kina cha mkono mpaka kiwiko, jaza maji, yakishakwisha jaza tena. Kama kesho asubuhi maji bado yamesimama, udongo wenu ni mfinyanzi, shimo la mawe halitasaidia, afadhali kupanda migomba na kusambaza maji. Karibu na kisima au chemchemi lisichimbwe kabisa, umbali usipungue mita 30. Na mjulisheni kiongozi wa kijiji kabla ya jembe kuingia.

Maji yasisimame. Mbu wa malaria hapendi sana maji ya mapovu, lakini maji ya kusuuza yakituama safi kwenye shimo ni yake, na kutoka yai mpaka mbu anayeruka anahitaji siku 7 hadi 14 hivi. Kufua kwenu Jumamosi mbili kunamtosha.

Sasa jambo ambalo barua imeligusa kwa adabu, sisi tuliseme wazi. Mabinti wetu wanafua vitambaa vya hedhi. Pa kufulia pakiwa mbele, msichana anangoja giza, anakwenda nyuma ya choo peke yake, na vitambaa anavianika chini ya godoro ambako havikauki. Vitambaa vibichi vinaleta maradhi, na giza tunajua linaleta nini. Wekeni uzio wa nyasi au mabua ya mahindi, urefu wa kifua, upande wa njia tu. Upande wa jikoni uachwe wazi, ili mama amwone. Kamba moja fupi iwe ndani ya uzio, juani, na baba asiulize ni ya nini.

Kamba kubwa isikatishe njia. Usiku mtu wa baiskeli haioni, inamshika shingoni. Wala isipite juu ya jiko, kwa moshi na cheche.

Kuhusu kuinama: kama kuna miti imebaki, tengenezeni meza ya fito ya kufika kiunoni, beseni likae juu. Mama mjamzito na bibi mwenye mgongo watawabariki. Akina baba, kabla hamjakubali au kukataa mahali, fueni nguo za nyumba nzima hapo siku moja, pamoja na kubeba maji. Ni kipimo kizuri kuliko kamba ya fundi.

Na kwa kuwa mama mkwe anakaa nyumba ya jirani, kuna njia nyingine ambayo familia kadhaa zimeshaichukua: mahali pamoja pa kufulia kwenye mpaka, mawe mamoja, shimo moja, nyumba mbili au tatu. Mnagawana siku, Jumanne huku, Ijumaa kule, na nyasi za ndoo kila nyumba inabadilisha juma lake. Mwembe wa bibi ukiwa karibu na mpaka huo, kivuli amekipata pia.