Kota ya kobalti: kwa nini bendera peke yake haikutupatia viwanda

Tangu tarehe 16 mwezi wa kumi 2025, kobalti ya Kongo haitoke tena ovyo. Serikali ilikuwa imefunga kwanza usafirishaji wote mwezi wa pili, ikaongeza muda mwezi wa sita, kisha ikaweka kota. Kila kampuni iko na kiasi chake, na kwa mwaka 2026 inchi yote haipaswi kupita tani 96 600. Sababu inajulikana: Kongo inatoa zaidi ya 70% ya kobalti ya dunia, bei ilikuwa imeanguka vibaya, na sisi wenyewe njo tulikuwa tunajaza soko. Kinshasa wanasema pia kama wanataka madini yasafishwe hapa hapa, yasiendelee kwenda Uchina yakiwa bado unga.

Huku mashariki kobalti ni kitu cha mbali, iko Kolwezi. Lakini swali lake ni letu pia, juu coltan ya Masisi, kasiterite ya Kalima na dhahabu ya Kamituga ziko na hadisi ileile. Inchi inakuwa ya viwanda namna gani? Inatosha serikali iamue? Kuko mufano ambao tuko nao karibu kuliko tunavyofikiri: Beleji, walewale waliotutawala.

Mbele ya 1830, Beleji haikuwa inchi. Ilikuwa kipande cha ufalme wa Uholanzi, chini ya mufalme Guillaume wa kwanza. Huyu mufalme hakuwa mujinga. Mwaka 1822 alianzisha benki kubwa mujini Brussels, ile iliyokuja kuitwa Société Générale, na aliingiza pesa katika usine ya John Cockerill kule Seraing, karibu na Liège, iliyokuwa inatengeneza mashini za mvuke. Kwa hiyo mashini zilikuwa zimekwisha kuingia. Mwezi wa nane 1830, Brussels ikaamuka. Wenye mali walitaka uhuru wa magazeti na nafasi katika utawala. Maskini walitaka mukate, na wengine wao walivunja mashini ambazo waliona zinawanyanganya kazi. Mwezi wa tisa jeshi la Uholanzi likafukuzwa mujini, na mwezi wa pili 1831 Beleji ikawa na Katiba yake.

Mapinduzi ya namna hiyo dunia imeona mengi. Kitu cha kuangalia ni kile kilichofuata. Uholanzi ilikuwa bado haijakubali kama Beleji ni inchi (ilikubali 1839), na ilikuwa inashika midomo ya mito ambamo bizashara ya Antwerp inapita. Sasa serikali changa ikapitisha sheria 1834: itajenga reli yenyewe, kwa pesa ya serikali, kutoka bahari mpaka Ujerumani. Tarehe 5 mwezi wa tano 1835 treni ilitoka Brussels kwenda Mechelen. Mwaka uleule Cockerill alitengeneza lokomotivu yake ya kwanza pale Seraing. Mapinduzi yalihitaji reli, reli ikahitaji chuma, chuma kikahitaji makaa ya mawe ya Liège na Charleroi. Vyote vilikuwa ndani ya inchi moja, na waamuzi walikuwa ndani.

Lakini tusidanganyane. Kwa mufanyakazi, inchi hiyo mupya haikuwa yake. Haki ya kupiga kura ilikuwa ya wenye kulipa kodi kubwa, karibu mutu 1 juu ya 100. Watoto walikuwa wanashuka katika migodi ya makaa. Miaka 50 na zaidi ilipita hivyo. Mwezi wa tatu 1886 mugomo ulianza Liège, ukaenea mpaka Charleroi, viwanda vikachomwa, na jeshi likapiga wafanyakazi risasi. Watu walikufa. Kisha 1889 sheria ilikataza watoto wa chini ya miaka 12 kufanya kazi viwandani. Mwaka 1893 kukawa mugomo wa inchi yote, na Bunge likakubali kila mwanaume apige kura, hata kama tajiri alibaki na kura mbili ao tatu. Mutu mumoja kura moja ilikuja 1919, na wanawake walingoja mpaka 1948 kwa uchaguzi wa Bunge. Kwa maoni yangu, pale njo Beleji ilianza kuwa inchi kweli. Mashini peke yake zilikuwa zimetoa matajiri na makaburi.

Sasa ile benki, Société Générale, haikubakia Ulaya. Mwaka 1906, pamoja na Waingereza wa Tanganyika Concessions, ilianzisha Union Minière du Haut-Katanga. Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville 1910, na shaba ya kwanza ikayeyushwa pale 1911. Muji wa Lubumbashi uliota kandokando ya ile shimini. Kumbe mashini zilifika kwetu mapema, na zilikuwa mashini nzuri. Kitu hakikufika ni ile sehemu ya pili.

Angalia vizuri mwaka 1941. Mwezi wa kumi na mbili, wafanyakazi weusi wa Union Minière waligoma, vita ya dunia ilikuwa imepandisha bei ya vitu na mushahara ulikuwa mudogo. Tarehe 9 walikusanyika katika uwanja wa mupira wa Élisabethville. Waskari walipiga risasi. Léonard Mpoyi, aliyekuwa anasema kwa jina la wenzake, aliuawa pale pamoja na makumi ya wengine. Ni risasi zilezile za 1886, lakini hazikuzaa kura. Sendika za weusi ziliruhusiwa 1946, zikiwa zimefungwa kamba nyingi, na uchaguzi wa kwanza wa kikomini ulingoja 1957, katika miji mitatu tu.

Halafu uhuru ukafika mbio. Siku tatu mbele ya tarehe 30 mwezi wa sita 1960, Wabeleji walivunja Comité Spécial du Katanga, ile iliyokuwa inashika kura nyingi ndani ya Union Minière na ambayo Kongo ingeirizi. Lumumba alipokea bendera, kura ilikuwa imetoroka. Mobutu alinyanganya Union Minière kuanzia 1967, watu wakashangilia, lakini mwezi wa pili tu mukataba wa kuendesha kazi na kuuzisha shaba ulipewa kampuni ya Société Générale ileile. Na Zaïrianisation ya 1973 tunaikumbuka vizuri huku Kivu: mashamba na maduka yalipewa wenye kujuana, na mengi yalikufa. Gécamines, iliyotoa karibu tani 470 000 za shaba mwaka 1986, ilikuwa chini ya tani 50 000 mwaka 1994. Serikali iliamua, ndiyo. Hakuna mutu aliyeweza kuiuliza.

Kwa hiyo mimi sina haraka ya kupigia kota makofi. Inaweza kupandisha bei, na kweli bei ilipanda. Lakini usine ya kusafisha inaomba umeme, reli na mafundi, na inaomba pia mutu wa Kolwezi ao wa Walikale aweze kuuliza hesabu bila kufungwa. Sheria ya madini ya 2018 imekwisha kumupatia kipande: 15% ya redevansi ni ya chefferie, sekta ao komini palipo machimbo, 25% ni ya provense, na kampuni inapaswa kutoa 0,3% ya mauzo yake kwa wakaaji wa kandokando. Hizo ni pesa ambazo mukaaji anaweza kwenda kuulizia kwa biro ya chefferie, akiomba karatasi.

Union Minière yenyewe haikukufa. Tangu 2001 inaitwa Umicore. Kule Hoboken, karibu na Antwerp, ambako shaba ya Katanga ilikuwa inaenda kusafishwa, sasa inayeyusha simu za zamani na betri zilizochoka, na kutoa ndani yake madini kwa mara ya pili.