Wauza kadi za kompyuta, ulizeni kwanza

Nina dukuduku juu ya jambo linalotupotezea fedha sisi wenye biashara ndogo ndogo za kompyuta katika Mkoa wa Kagera, hususan Bukoba Mjini na huku kwetu Muleba. Jambo lenyewe ni uuzaji wa kadi za picha, zile ambazo mafundi huziita grafiki kadi, pasipo mwuzaji kumwuliza mnunuzi hata mara moja kwamba anakwenda kuitia katika kompyuta gani.

Mimi na wenzangu wawili tuna chumba cha kupiga picha na kutengeneza video za harusi hapa Muleba. Kompyuta yetu ni ya mtumba, Dell OptiPlex 7010 yenye kasha jembamba, mojawapo ya zile zilizokwisha kutumika maofisini ng'ambo kabla ya kuletwa huku. Kwa kuchapa barua na kutoa nakala haina kasoro. Lakini ukiipa video ya harusi ya saa tatu, itaisaga usiku kucha, na umeme ukikatika alfajiri kazi inaanza upya. Ifikapo Desemba, ndugu zetu wanaofanya kazi mikoani wanaporudi nyumbani, harusi huandamana, na bwana harusi hangojei kompyuta yako ipumzike.

Basi tulikopa shilingi laki nne kutoka VICOBA yetu, tukapanda gari hadi Bukoba. Huko tulipata GeForce GTX 1060, kadi ambayo mwenzetu mmoja alikuwa ameiona ikisifiwa sana katika simu. Mwuzaji alitupokea kwa uchangamfu, akasema, "Hii inaingia kompyuta yoyote, ndugu zangu." Tukalipa. Najua wasomaji wa mikoa mingine watasema watu wa Kagera tunapenda makuu. Safari hii nakubali.

Tulipofungua kompyuta yetu tuliona aibu. Kibati cha nyuma cha kadi ile kina urefu wa sentimita 12 hivi, na uwazi uliopo katika kasha letu ni wa sentimita 8. Fundi akatushauri tuifanye kazi kasha likiwa wazi. Alipotaka kuunganisha umeme ndipo likatokea la pili. Tundu la kadi katika kompyuta, kwa kawaida, hutoa umeme usiozidi wati 75. Kadi inayohitaji zaidi ya hapo huletewa waya wake maalumu kutoka kwenye pawa saplai. Kadi yetu hutumia wati 120, nayo kampuni iliyoitengeneza inashauri pawa saplai ya wati 400. Yetu imeandikwa ubavuni wati 240, na waya huo haina. La tatu ni kwamba kioo chetu ni cha zamani, kina tundu la VGA tu, na kadi za ukoo ule hazina VGA. Hata kama mawili ya kwanza yangepona, tungetazama kioo cheusi mpaka tununue kifaa kingine cha kubadilishia.

Tulirudi Bukoba kesho yake. Mwuzaji akatuonyesha risiti ambayo chini yake imeandikwa kuwa mali ikishauzwa hairudishwi. Akatuambia, "Mngesema mapema kuwa kompyuta yenu ni nyembamba."

Ndugu Mhariri, hapo ndipo palipo na ugomvi wangu. Ukimwagiza seremala wa Kamachumu mlango, neno lake la kwanza ni vipimo vya fremu. Hata fundi cherehani wa sokoni hakati kitambaa kabla hajakuzungushia utepe. Iweje mtu anayeuza kifaa cha laki nne aone kuwa kupima ni kazi ya mnunuzi, tena mnunuzi ambaye amekuja dukani kwake kwa sababu hajui? Sisi tunalo kosa letu, sikatai. Tulinunua jina. Lakini swali la "kompyuta yenu ni ipi?" lisingemgharimu hata senti tano, na lingetuokolea nauli ya watu watatu, kwenda na kurudi mara mbili.

Tangu siku hiyo nimesoma na kuuliza sana, nami nimeona kuwa kadi kuingia ndani ya kasha ni nusu tu ya habari. Zipo zinazoingia vizuri na bado zisikufae. GT 1030 ni ndogo, hutumia wati 30 tu, haihitaji waya wa ziada. Wengi huiuza kama dawa ya kompyuta nyembamba. Hata hivyo haina kile kiungo cha kusaga video, kwa hiyo mtu wa harusi hapati alichokifuata. RX 6400 iliyotoka mwaka 2022 nayo ni hivyo hivyo, na zaidi ya hapo ilitengenezwa kwa njia chache za kupitishia habari, hata ikitiwa katika kompyuta ya zamani hupungukiwa nguvu. Lakini Quadro P400 na P620, ambazo vijana huzidharau kwa kuwa ni za maofisini, hupatikana na kibati kifupi, ni nyembamba, hazipiti wati 40 na kiungo hicho zinacho. Matundu yake ya kioo ni madogo, lazima ununue na kifaa cha kubadilishia. Mbona hakuna mwuzaji aliyetutajia hizo?

Wapo wanaosema dawa ni kubadili pawa saplai. Nawaonya. Katika OptiPlex za baadaye, kama 7020 na 9020, plagi kubwa ya pawa saplai ina pini 8 badala ya 24 za kawaida, kwa hiyo ya dukani haiingii bila kipande cha kuunganishia. Ziko pia kadi za uongo, kadi kuukuu iliyobadilishwa jina ndani yake ili ijitambulishe kuwa mpya. Programu ya bure iitwayo GPU-Z imeweza kuzitambua baadhi ya hizo tangu mwaka 2018, na kuitia katika flashi ni kazi ya dakika chache. Kwa nini isiwepo katika kila kaunta?

Ombi langu kwa wenye maduka ni hili. Andikeni kwenye kila kadi, kwa Kiswahili, wati zake, urefu wake, kibati chake na aina ya matundu yake. Mnunuzi akifika, mwulizeni kompyuta, kioo na kazi anayotaka kuifanya. Akiwa ametoka mbali, kama sisi wa Muleba na wenzetu wa Nshamba, mpeni siku saba za kuijaribu, airudishe ikiwa haijaharibika. Nasi wanunuzi, kabla ya kupanda gari tufungue kasha, tupige picha kwa simu ndani yake, na kibandiko cha pawa saplai kisomeke. Picha hiyo ionyeshwe mwuzaji kabla fedha haijatoka mfukoni. Na kwa yule ambaye kazi yake ni kuchapa barua na kutoa nakala tu, kadi ya nini? Aongeze rami, fedha itakayobaki anunue karatasi.

Kadi yetu ingali katika boksi lake kabatini. VICOBA tunarejesha kila Jumamosi kama kawaida, na video tunazisaga usiku kama zamani. Wenye maduka ya kompyuta wa Bukoba, mnasemaje?

Mpiga picha za harusi,
Muleba, Kagera.