Damu Haijui Mpaka

Mwaka 1835 Wangoni wa Zwangendaba walivuka mto Zambezi wakielekea kaskazini. Baadhi ya vizazi vyao wakaja kukaa Songea, wengine katika nchi ambazo leo ni Malawi na Zambia. Mipaka ilichorwa baadaye, wala haikuigawa damu yao.

Jambo hili lina maana katika tiba. Jeni alizorithi mtu huathiri namna mwili wake unavyopokea dawa. Mwenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, akipewa dawa ya primakwini kwa kipimo kikubwa, chembe zake nyekundu za damu huweza kupasuka. Dawa imfaayo jirani humdhuru yeye.

Afrika ndiyo yenye tofauti nyingi zaidi za jeni duniani, lakini Waafrika wamechunguzwa kidogo mno. Mradi wa H3Africa, uliokoma mwaka 2022, uliwaunganisha watafiti wa nchi nyingi za bara hili. Kazi hiyo isife. Yafaa Tanzania, Malawi, Msumbiji na Zambia zichunguze kwa pamoja, ziwe na kanuni moja ya kuomba ridhaa ya mgonjwa, na sampuli zipimwe humu humu. Matokeo yasiporudi katika wodi za Songea, mgonjwa atakuwa ametoa damu yake bure.