Sepeto la Askari na Mahandaki ya Kale

Askari ndiye ajuaye uzito wa kazi ya handaki. Kwa hiyo twamwomba askari wetu, apatapo likizo, afike Bigo bya Mugenyi, kusini mwa mto Katonga, ajionee mwenyewe. Hapo pana mahandaki ambayo urefu wake wote unapita kilomita 10. Mengine yamekatwa katika mwamba. Yalichimbwa zaidi ya miaka mia tano iliyopita, pasipo mashine wala baruti. Wenyeji husema ni kazi ya Wachwezi. Wataalamu wangali wakibishana, na ubishi huo tunawaachia. Lakini yeyote aliyewahi kuchimba shimo la kimo chake chini ya jua la saa saba atatambua mara moja kwamba waliochimba pale walikuwa na amri na mpango.

Tunasema na wanajeshi na polisi kwa sababu moja. Wao hupiga kambi penye kilima, penye maji, na mahali mtu aonapo mbali. Na wazee wetu walichagua mahali pale pale. Huko Patiko, kaskazini mwa Gulu, Samuel Baker alijenga ngome yake mwaka 1872 juu ya mawe ambayo wafanya biashara ya watumwa walikuwa wameyatumia kabla yake. Basi mara nyingi sepeto la askari ndilo la kwanza kuligusa jambo la kale.

Mwaka 1929 wafungwa waliokuwa wakichimba katika gereza la Luzira walifukua vipande vya udongo wa kuchomwa. Vilipounganishwa kikatokea kichwa cha mtu, kazi ya mikono ya watu wa kale sana. Vipande hivyo vingeweza kutupwa pamoja na kifusi; havikutupwa. Kichwa hicho sasa kimo katika jumba la makumbusho la Uingereza, jijini London, nasi hatufichi kwamba tungependa kukiona kikirudi, kama vile vitu 39 vilivyorudi kutoka Cambridge mwezi Juni 2024.

Upande wa pili wa habari hii ni mchungu. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi lilishambulia ikulu ya Kabaka huko Mengo. Watu wakafa, na vitu vya kale vilivyotunzwa kwa vizazi vingi vikaungua au vikapotea. Ikulu yenyewe ikageuzwa kambi. Wengi wa wasomaji wetu hawakuwa wamezaliwa, na hatuwashitaki kwa matendo ya wengine. Twalitaja jambo hili kwa kuwa vilivyopotea siku ile havikurudishwa na amani iliyofuata, wala na kurejeshwa kwa Ukabaka mwaka 1993.

Vivyo hivyo Kasubi. Nyumba ile kubwa ya nyasi, Muzibu Azaala Mpanga, ilijengwa mwaka 1882, na Makabaka wanne wamezikwa humo. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 iliteketea. Kesho yake palikuwa na watu wenye uchungu mwingi, palikuwa na bunduki, na damu ikamwagika. Ilichukua hadi mwaka 2023 kwa Kasubi kuondolewa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Askari awekwaye zamu mahali kama pale na aambiwe kwanza analinda nini, kwani asiyejua hudhani analinda kibanda tu.

Tunayoomba ni machache. Mkuu wa kikosi awaulize wazee wa kijiji kabla ya kupiga kambi juu ya kilima. Sepeto likigonga chungu au mfupa, kazi isimame hapo, kitu kisisogezwe, na taarifa ipelekwe Makumbusho ya Uganda. Polisi wa mpakani amwonapo mtu na ngoma ya kale au vyombo vya kaburini, amwulize kibali. Na yule aliyezoea kuchonga jina lake juu ya mawe, asilifanye hilo penye michoro ya Nyero, Kumi.

Tena kuruta wapelekwe Makumbusho japo siku moja wakiwa mafunzoni. Hawatakuwa wageni pale: Makumbusho hayo yalianza mwaka 1908 ndani ya ngome ya Lugard, Kampala ya Kale, kabla ya kuhamia Kitante mwaka 1954.