UCHANGANUZI: Matumaini ya mwanafunzi hayajengwi kwa hotuba ya siku moja

KILA muhula wa tatu unapowadia, shule nyingi nchini huingia katika pilkapilka za kuwaandaa watahiniwa wa kidato cha nne. Siku ya maombi hutengwa, wazazi hualikwa na mhamasishaji hukodiwa kuwaambia vijana kwamba kila mmoja wao anaweza kuzoa gredi ya A.

Jioni mgeni huenda zake. Kesho yake asubuhi, mwanafunzi yuyo huyo hupita mbele ya ubao wa matangazo na kukuta jina lake likiwa mkiani mwa orodha ya matokeo ya darasa. Kati ya hotuba ya jana na orodha ya leo, si vigumu kukisia ipi itakayokaa moyoni mwake.

Hakuna anayepinga kwamba mwanafunzi anahitaji mtazamo chanya. Swali ni iwapo mtazamo huo hupandwa kwa vifijo au kwa malezi ya kila siku.

Takwimu zinaonyesha uzito wa swala hili. Katika KCSE ya 2024, watahiniwa 962,512 walifanya mtihani. Waliopata C+ na zaidi, kiwango kinachohitajika kusomea shahada, walikuwa 246,391. Waliosalia ni zaidi ya 716,000, yaani takriban watatu katika kila wanne. Kijana aliyeimbiwa kwa miaka minne kwamba chuo kikuu ndicho kipimo pekee cha ufanisi hutoka shuleni akiamini kuwa maisha yamemshinda kabla hayajaanza. Ilhali vyuo vya ufundi hupokea hata waliopata gredi za chini kabisa.

Wataalamu wa saikolojia wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Katika utafiti uliochapishwa 1998, Claudia Mueller na Carol Dweck wa Marekani walibaini kwamba watoto waliosifiwa kwa werevu wao walivunjika moyo upesi walipokumbana na maswali magumu. Waliosifiwa kwa bidii waliendelea kujaribu. Sifa zote mbili zilikuwa njema, ila moja ilimfundisha mtoto kuogopa kosa na nyingine kujifunza kutokana nalo.

Hata hivyo, fikra hiyo si hirizi. Utafiti mwingine uliochapishwa 2019, uliohusisha maelfu ya wanafunzi wa shule za upili za Marekani, ulionyesha kwamba mafunzo mafupi ya aina hii yaliinua alama za wanafunzi dhaifu kwa kiasi kidogo tu. Manufaa yalionekana zaidi pale ambapo wanafunzi wenzao waliunga mkono tabia ya kujaribu mambo magumu. Mbegu njema bado huhitaji udongo.

Na udongo wa shule ni maneno na mazoea yake. Kenya ilipiga marufuku kiboko mwaka wa 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikasisitiza katazo hilo kwa kutaja pia mateso ya kiakili. Lakini ulimi haukuwekwa chini pamoja na kiboko. Mwanafunzi anayeitwa mjinga mbele ya wenzake hupigwa pigo lisiloacha alama mwilini. Vivyo hivyo, Wizara ya Elimu ilipofuta mwaka wa 2014 utaratibu wa kuorodhesha shule kwa matokeo ya mitihani ya kitaifa, orodha za darasani hazikutoweka.

Wakenya wanao mfano wa karibu. Marehemu Kimani Maruge alijiunga na darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiyo, Eldoret, mwaka wa 2004 akiwa na umri wa miaka 84. Nia yake ilikuwa kubwa. Lakini ilipata njia kwa sababu serikali ilikuwa imeondoa karo ya shule za msingi mwaka uliotangulia, na mwalimu mkuu akakubali kumfungulia mlango. Penye nia pana njia, bora mlango usiwe umefungwa.

Ndiposa ni kosa kumtwika mtoto mzigo wote wa kuwaza mema. Mwanafunzi mwenye njaa, au anayesoma sayansi bila maabara, hahitaji kuambiwa kwamba tatizo ni fikra zake. Aidha, mwalimu wa ushauri nasaha mwenye vipindi tele vya kufundisha hawezi kuwasikiliza mamia ya vijana ipasavyo.

Yapo yasiyohitaji bajeti. Shule zaweza kumpa kila mwanafunzi matokeo yake faraghani, zikiyalinganisha na ya muhula uliopita badala ya ya jirani yake. Walimu waweza kusahihisha kazi kwa kueleza palipokosewa na namna ya kurekebisha. Wazazi nao waweza kuuliza, "Umejifunza nini?" kabla ya kuuliza, "Umekuwa nambari ngapi?"

Mtaala wa umilisi umeigawa sekondari pevu katika mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Iwapo mkondo mmoja utafanywa wa werevu na mwingine jaa la walioshindwa, ubao wa matangazo utakuwa umebadilishwa rangi tu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na anayelelewa kwa kuonyeshwa mkia wa orodha hujifunza kukaa huko.