Wamama na masomo ya Excel

Juma hili tunazungumza juu ya masomo yetu sisi wenyewe, si ya watoto. Vikundi vingi vya akiba vinaanza kuweka hesabu ndani ya ordinatere, kwa Excel. Ni vizuri. Lakini sanduku la AVEC lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa wamama watatu. Kumbe hesabu ya ordinatere iko kwa sekretere peke yake. Akihama au akigonjwa, nani ataonyesha feza ya kila mmoja siku ya kugawana? Tunaomba kila kikundi kifundishe angalau wamama watatu.

Wengi wetu tulizoezwa shuleni kunakili, kisha kusoma tena na tena. Inatia moyo, maana kila tukirudilia tunaona maneno tunayoyajua. Lakini kukitambua kitu si kuweza kukifanya. Mwaka 2006, watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi habari fupi ya kusoma. Wengine wakaisoma tena. Wengine wakaiweka kando na kuandika waliyoyakumbuka. Baada ya dakika 5, waliosoma tena walishinda. Baada ya juma moja mambo yakageuka: wale walioandika bila kutazama ndio walikumbuka zaidi. Na sisi tunakutana juma kwa juma.

Basi mwenye kufundisha akisha kuonyesha, afute, na kila mama afanye mwenyewe, kaye imefungwa. Tuseme michango ya wamama 25 iko kwenye safu B, kuanzia mstari wa 2 mpaka wa 26. Kwenye kisanduku B27 unaandika =SOMME(B2:B26), unabonyeza Entrée. Ile alama ya = ndiyo inaiambia mashine ihesabu; ukiisahau, inabaki maandishi tu. Ordinatere ya Kiingereza inataka SUM, na hapo wengi hupotea wakidhani hawana akili. Ukikosea, Ctrl na Z pamoja vinarudisha mambo kama yalivyokuwa.

Kabla ya kubonyeza, hesabu kwa kichwa. Wamama 25, kila mmoja franka 2.000, ni 50.000. Ikitoka 48.000, kuna mtu aliyerukwa, ao kuna aliyeandika « 2000 FC » kisandukuni: mara nyingi mashine huchukua hayo kuwa maneno, haiyajumlishi. Andikeni tarakimu peke yake.

Dakika 20 mara tatu kwa juma zinapita saa nzima ya Jumamosi, kwa sababu kila mara unalazimika kukumbuka upya. Umeme ukikatika, choreni safu A, B, C kwenye karatasi na mtunge hesabu hapo; kichwa hakihitaji umeme.

Na watoto wetu wa sekondari? Wanasaidia sana, ila wana haraka: « Mama, acha nikufanyie. » Hapana. Yeye aseme, mkono wako ndio ushike kipanya.

Kaye ya karatasi msiitupe. Kwa majuma ya kwanza andikeni pande zote mbili, na mmoja wa wale watatu, si sekretere, asome jumla zote mbili mbele ya kikundi kabla sanduku halijafungwa.